Bima ya Kapteni

Barua ya kampuni ya bima ilifika Juni 2013, wiki ile baridi ilipopasua bomba la uani, na ilianza kwa kutuita wazazi wa Kapteni. Mimi nimezaa mara moja tu maishani, na niliyemzaa, Arlène, alikuwa shuleni saa hiyo. Kapteni ni mbwa. Alikuwa amelala mlangoni pa chumba chetu cha kupanga hapa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, akinitazama nikiifungua barua yake kwa mkasi wa kukatia vitambaa.

Mimi ni mshonaji, na Kiingereza cha barua nakisoma polepole, lakini nakisoma. Ilisema malipo yatapanda kuanzia Julai. Ilisema Kapteni ametimiza miaka tisa, kwa hiyo sasa anahesabiwa mzee, na tukitaka kuendelea, daktari wa mifugo ampime, ajaze fomu na kutia sahihi kabla mwezi haujaisha. Nikaikunja, nikaiweka kando ya cherehani. Moyoni nilishukuru. Miaka mitano nilikuwa nikitafuta sababu ya kuikata bima ile, na sasa wenyewe walikuwa wameniletea sababu hadi mlangoni.

Nisieleweke vibaya, simchukii mbwa. Lakini katika nyumba yetu mbwa ana bima, sisi tuna Mungu. Ignace, mume wangu, akivimba magoti, tunaamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni hospitali ya serikali, tunakaa kwenye benchi mpaka mchana, tunapewa vidonge vya maumivu, tunarudi. Keshoye anavaa buti na kwenda kazini Midrand, kulinda geti la maghala usiku kucha. Kila mwezi, kabla hata mshahara haujapoa, benki inakata pesa ya afya ya mbwa.

Kapteni naye alikuwa mlinzi. Alifanya kazi na Ignace kwenye maghala yale mpaka sikio moja lilipokufa, na kampuni ikataka kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Ignace akamleta nyumbani Januari 2008 kwa kamba, bila kuniuliza. Tuligombana siku tatu. Kisha ukaja Mei ule, wageni kama sisi wakafukuzwa na kuchomewa nyumba, na Kapteni akalala mbele ya geti letu wiki nzima bila kuhama. Watu walipita na marungu, wakamtazama, wakaendelea na safari yao. Tangu hapo sikugombana tena kuhusu chakula chake.

Mwezi uliofuata Ignace alikutana na msichana wa bima kwenye duka kubwa, mwenye kalamu na karatasi. Mume wangu hajui kumkatalia mtu mwenye karatasi. Shida ilikuwa moja: kampuni haikuchukua mbwa aliyepita miaka sita, na Kapteni alikuwa na saba. Ignace hakusitasita. Akamwandikisha kuwa ana minne, kazaliwa tarehe moja Januari.

Mtu mwingine angeita ule udanganyifu. Sisi tulioingia nchi hii na mfuko mmoja tunajua ulikotoka. Februari 2001, tulipokuwa foleni ya kuomba hifadhi, mtu wa mbele yetu aligeuka akamwambia Ignace kwamba kampuni za ulinzi hazimtaki aliyepita arobaini na tano. Ignace alikuwa na arobaini na tisa. Alipofika dirishani akasema arobaini na moja, kazaliwa tarehe moja Januari, na karani akaandika bila kuinua macho. Nilikuwa nimesimama naye, na nilimfinya mkono asitabasamu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa imefika mwaka wa kumi na mbili, na ndiyo iliyotulisha.

Asubuhi hiyo alirudi kutoka zamu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kufungua buti.

"Papa Arlène, iko barua ya mbwa," nikamwambia. "Banasema amezeeka. Mi naona tuache hii bima sasa. Tumelipa miaka mitano, hata bandeji hawajatupatia."

Ignace alimwita Kapteni, akamgeuza ubavu, akanishika mkono na kuupeleka tumboni kwa mbwa. Chini ya manyoya palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa yai.

"Iko vile tangu mwezi wa ine," alisema, yaani Aprili. "Sikukuambia juu najua utasema nini."

"Nitasema nini?"

"Utasema tuache."

Na ndilo nililokuwa nimekwisha kulisema. Arlène alipotoka shule na kusikia, alilia kwa Kiingereza, mlango umefungwa. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote, lakini uchungu wake wote uko kwa Kiingereza. Basi tukapatana hivi: tumpeleke kwa daktari, tusikie, halafu ndipo tuamue kulipa au kuacha. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nangoja tu daktari aseme mbwa ni mzee mno kupasuliwa, ili mbaya nisiwe mimi.

Siku ya Jumanne, Bakiri, jirani yetu Mtanzania, alitupeleka kwa bakkie yake, gari dogo la mizigo lililo wazi nyuma. Ignace alikaa nyuma na mbwa, amevaa sweta ya kazi, hajalala tangu jana yake. Kila tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilimwona kwenye kioo, kichwa kimeanguka kifuani, mkono uko shingoni kwa Kapteni.

Daktari alikuwa kijana mpole. Kapteni alikuwa mzito mno kupandishwa mezani, kwa hiyo walimpima sakafuni, daktari upande mmoja, Ignace amepiga magoti upande wa pili. Alisikiliza moyo, akaubonyeza uvimbe, akakunja miguu ya nyuma taratibu. Alisema uvimbe unaweza kutolewa. Moyo ni mzuri, alisema, na bima ikilipa sehemu kubwa, yeye angempasua wiki ijayo. Ignace alifumba macho kidogo, na nikaona jinsi alivyokuwa ameogopa siku zote zile.

Kisha daktari akafunua mdomo wa mbwa, akatazama meno, akatazama macho kwa kurunzi, akaichukua fomu.

"Hapa imeandikwa miaka tisa," alisema. "Huyu hana tisa."

Hakusema kwa ukali. Alituangalia tu, kalamu mkononi, akingoja.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeletewa nilichokitaka. Ningekaa kimya tu, bima ingekufa yenyewe, na hakuna ambaye angenilaumu, wala Arlène. Lakini niliingiwa na hofu ambayo sikuitarajia. Nilimwona Ignace akivuta pumzi, na nikajua anataka kusema kweli, na nikawaza kwamba mtu akianza kusema kweli ya mbwa hatajua pa kuishia. Leo atasema miaka ya Kapteni, kesho atasema yake, na kazini wana sheria yao: ukifika sitini unarudisha sare. Cherehani yangu peke yake hailipi chumba, sembuse shule.

"Ni tisa, daktari," nikasema kwa Kiingereza changu. "Amepata taabu sana, ndiyo maana."

Daktari karibu acheke. Ignace hakucheka.

"Kumi na miwili," alisema. "Nilimpunguzia mimi. Wakati ule nilitaka wamchukue."

Daktari aliweka kalamu chini. Alitueleza bila kutuhukumu kwamba hawezi kuandika tisa, na akiandika kumi na miwili, kampuni itaona miaka mitano tuliyodanganya na haitalipa hata senti. Bila bima, upasuaji ulikuwa juu ya uwezo wetu, na yeye alikuwa akijua hivyo kwa kututazama viatu. Alisema uvimbe wa namna ile mara nyingi hukua polepole. Angetupa dawa ya maumivu, na labda uzee ungefika kabla ya uvimbe.

"Basi tuache," Ignace alisema. Alisema kwa Kiswahili, akiniambia mimi. "Mwambie benki waache kukata. Nachoka kukumbuka miaka ya batu wote."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshinda, na sikupata ladha yoyote.

Akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akataka kusimama. Magoti yakakataa. Alijaribu mara ya pili, mkono ukutani, na nikasikia yakilia. Msaidizi wa daktari alikuja mbio, akamzunguka, akamwinua Kapteni kwa uangalifu mkubwa, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, akamtoa nje. Ignace alibaki pale sakafuni. Nilimshika kwapani nikamvuta, na daktari akamshika upande wa pili.

"Na wewe, baba," daktari akauliza, "hayo magoti yana muda gani?"

"Kidogo tu," Ignace alisema. "Ni baridi."

Mume wangu ametoka kusema kweli ya mbwa, kweli iliyomgharimu matibabu ya mbwa anayempenda, na dakika ile ile akadanganya juu ya mwili wake. Nilikasirika. Nilikaa mbele kwenye gari la Bakiri na sikukitazama kile kioo mpaka nyumbani. Nilikasirika naye, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana uongo ule wa pili nilimfundisha mimi kwa miaka yote hii, kila aliporudi akichechemea na mimi nikamuuliza kwanza kama msimamizi amemwona.

Kufika, alikunywa chai, akampa Kapteni kidonge ndani ya kipande cha mkate. Zamu yake ilitaka atoke saa tisa na nusu alasiri. Saa tisa alikaa kitandani kuvaa, akaingiza mguu mmoja kwenye buti, akainamia kamba, na akalala hivyo hivyo, amekaa, kamba mkononi. Mimi nilikuwa natia chakula chake kwenye mfuko. Nilisimama na mfuko ule.

Siku nyingine zote ningemwamsha. Nimemwamsha katika homa, nimemwamsha siku tuliyopata habari ya kifo cha mama yake. Nilimtazama shingo, nyembamba ndani ya kola, na mvi alizozipaka rangi nyeusi kwa sababu ya kazi. Nampenda mtu huyu, na nilikuwa nimechoka kumsukuma mlangoni.

Nilichukua simu yake nikatoka uani, nikampigia msimamizi.

"Ignace haji leo," nikasema.

"Ni mgonjwa? Alete cheti cha daktari."

"Si mgonjwa. Ana miaka sitini na mmoja."

Nikasikia akifungua droo, au labda ni kiti. "Mama," akasema, "karatasi yangu inasema hamsini na mitatu."

"Najua inavyosema. Nilikuwepo ilipoandikwa."

Aliniuliza kama ninaelewa maana ya ninachomwambia. Nikasema ninaelewa. Akaikata simu. Kodi ya mwezi ujao nitaitoa wapi, sikujua, na sasa hivi ninapoandika bado tunaunga-unga. Nilirudi ndani, nikamlaza Ignace vizuri, nikamfunika.

Aliamka saa moja jioni. Aliona dirisha jeusi, akakurupuka, akatafuta buti chini ya kitanda.

"Nachelewa," alisema. "Mama Arlène, juu ya nini hukuniamsha?"

"Hauendi. Niliwapigia. Niliwaambia miaka yako."

Alikaa. Nilingoja hasira, na nilikuwa na haki ya kuipata, kwa maana nilikuwa nimetoa kitu ambacho hakikuwa changu. Arlène aliacha kuandika kazi yake ya shule. Ignace alijifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Uliwaambia ngapi?" akauliza.

"Sitini na mmoja."

Alitikisa kichwa polepole.

"Ni sitini na miwili," alisema. "Tangu mwezi wa ine."

Nilihesabu kwa vidole, na alikuwa sahihi. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imepita, na katika nyumba ile hakuna aliyeiona. Nilikaa kando yake, nikamwambia pole, naye akajilaza tena akageukia ukuta, akalala mpaka asubuhi.