Kiimbo cha Kumi na Moja

Chiriku ni ndege asiyenyamaza. Baba mtu alimpa bintiye jina hilo kwa utani, maana mtoto alikuwa na miaka saba na maneno matatu. Ila kuguna aliweza, na kituo cha watoto wasiosema kilimpima kwa hilo: anasikia sauti isiyo na maneno, ya kuuliza, ya kuita, ya kubembeleza, kisha anairudia. Viimbo hivyo vilikuwa kumi. Akipata sita, anapewa nafasi ya masomo. Mara ya kwanza alipata kimoja.

Leo ilikuwa mara ya mwisho. Mama yake alikaa pembeni, mkoba mapajani, roho juu. Mara ile ya kwanza aliurekodi mtihani wote kwa simu, kwa siri, na kwa wiki tatu walikuwa wakifanya mazoezi jikoni, mlango umefungwa. Mchumia juani hulia kivulini, alijiambia kila jioni. Baba mtu hakuambiwa kitu.

Mwalimu alikuwa bado anatafuta miwani Chiriku alipoanza mwenyewe. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kosa.

"Makubwa! Mbona anavijua kabla sijavipiga?"

"Ana kumbukumbu, mwalimu."

Baada ya cha nne ikatoka sauti nyingine, fupi, kali, ya kupanda. Mama akaitambua. Hapo kwenye cha nne ndipo mtoto alipokuwa akikosea kule jikoni.

"Imetosha. Amechoka huyu."

"Mwache kwanza, mama."

Sauti kali ikarudi, kubwa zaidi. Kisha kilio chembamba cha mtoto, ambacho Chiriku alikiguna kwa utulivu, macho makavu, kama alivyoguna vingine. Halafu cha nne upya, sawasawa. Mama alihesabu vilivyobaki. Baada ya cha saba kulikuwa na Alhamisi ile ya jikoni, na ya Alhamisi aliyajua yeye na mtoto tu.

Alhamisi ilikuja yote, sauti kali juu ya sauti kali, na kilio kirefu. Mwalimu aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka cha kumi.

"Mama Chiriku, vyote kumi kapata. Nafasi yake ipo," alisema taratibu. "Lakini hiki kikali, cha kumi na moja, si changu. Ni cha nani?"

"Mimi sijui!"

Sauti ilimtoka kabla hajaizuia, fupi, kali, ya kupanda. Chiriku akajikunja kitini na kujifunika kichwa kwa mikono yote miwili.