Kilengeo cha Kijani

Mwaka huu macho yangu yameanza kukikataa kilengeo cheusi cha bastola. Nikilenga, kinazama kwenye duara jeusi la shabaha, nabaki kubahatisha. Na Jumamosi ilikuwa siku ya mchujo wa timu ya klabu yetu ya kulenga shabaha. Nikiachwa, sina tena mahali pa kwenda kukaa na watu. Watoto sikujaliwa. Orpha, mke wangu, alishakufa.

Basi nikanunua vilengeo vipya, cha mbele kina nukta ya kijani. Nikatoa magazini, nikachungulia chemba ya risasi, tupu, nikachungulia tena. Nikaibana sehemu ya juu ya bastola kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, pale mezani jikoni, nimeizungushia matambara. Cha mbele kilitoka bila ubishi. Cha nyuma kikagoma. Kila nikigonga kinazidi kujikaza, na chuma ninachogongea kinakichubua. Nikapiga simu klabuni kuazima kipande cha shaba cha kugongea.

Akaja Verlin Stalnaker. Ningejua atakuja yeye nisingepiga. Ndiye nahodha wa timu, na alikuwemo kwenye baraza la kaunti siku walipoinua mikono kupiga kura ya kufunga hospitali yetu. Orpha alikata roho ndani ya gari la wagonjwa, bado tunapanda mlima kuelekea mji wa pili. Wakubwa hawakuwemo kwenye gari lile. Nilikuwemo mimi.

"We Hobart, unajenga reli humu ndani?" akasema mlangoni. "Nimekusikia toka barabarani."

"Lete shaba uende zako."

Hakwenda. Aliinama kwenye jiliwa, akacheka. "Mzee, unagonga upande siyo! Hiki hutoka kushoto kwenda kulia. Wewe unakipigilia kama msumari wa jeneza."

Akaitoa shaba mfukoni haraka. Neno jeneza lilikuwa limeshamtoka.

Aligonga kidogo tu, kikateleza. Kipya akaniachia nikiingize mwenyewe.

"Na kukipima je?" akauliza. "Nani atakukalia kwenye darubini?"

Alijua anachouliza. Orpha ndiye alikuwa akikaa nyuma yangu uwanjani, jicho kwenye darubini akitazama risasi zinapotua, akipiga kelele: "Umeenda kulia, babu wewe! Umelala?" Watu wote wakicheka.

"Kesho nitakuja nikukalie," Verlin akasema. "Hobart, pesa hazikuwepo. Ningefanyaje?"

"Za kuezeka ofisi yenu upya zilikuwepo."

Akachukua kofia yake.

Kesho yake nikaenda uwanjani peke yangu. Napiga, naweka bastola chini, natembea mpaka kwenye karatasi, narudi, nasukuma kilengeo kidogo, napiga tena. Nukta naiona safi, lakini risasi zinaenda kulia. Nikisukuma, zinaruka kushoto. Magoti yakachoka kabla ya risasi kukaa sawa. Gari la Verlin lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, yeye ndani, darubini juu ya dashibodi. Hakushuka. Alikuwa anangoja nimwite.

Nikafungasha vitu vyangu.

Jumamosi risasi zangu zote zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kikombe cha kahawa, ila upande wa kulia. Verlin akasoma majina ya timu, langu hamna. Wenzangu wakaanza kukunja viti. Yeye akanifuata mpaka kwenye gari langu.

"Kilengeo kilitaka kusogezwa upana wa unywele tu, Hobart. Ungeniita."

"Najua," nikamwambia, nikafunga mlango.