Onja Kwanza, Wifi

Mwanamisi wa Landless, mjini Thika, hakuwa mtu wa kuchezewa. Sukari koponi aliisawazisha kwa kijiko, kisha akachora alama juu yake kwa kidole, ili mkono wa mwizi ujulikane. Wengine humwachia Mungu ulinzi. Yeye alimsaidia.

Basi wifi yake Nadira aliporudi kutoka Ruiru na sanduku moja, ameachwa na mume, Mwanamisi alimpokea kwa tabasamu na jicho la pembeni. Ni dada wa mumewe, angemfukuza vipi? Chai ya kwanza aliyopika Nadira, Mwanamisi alimrudishia kikombe.

"Onja kwanza, wifi, utoe uchawi."

Ulikuwa utani wa mawifi tu. Nadira alicheka, akaonja. Uthman, mume wa Mwanamisi, hakucheka.

Huo ulikuwa mwanzo wa Julai 1996, ukungu umelala juu ya mabati mpaka saa tano. Nyuma ya nyumba Mwanamisi alikuwa na vifaranga hamsini wa nyama, wa harusi ya binti yake Zahra mwishoni mwa Agosti. Aliwaahidi wakwe mbele za watu kwamba pilau ya siku hiyo italiwa kwa kuku wa mkono wake, si wa kununua. Ahadi hiyo ilimkosesha raha.

Wiki ya kwanza walikufa sita. Nadira alitumbukiza kidole kwenye chombo chao cha maji.

"Wifi, hii maji imelala nje, ni baridi sana. Kifaranga haiwezi kukunywa. Na isipokunywa, haikuli."

"Tangu lini kuku akapikiwa chai?" Mwanamisi alimjibu. "Jiko la makaa wako nalo, inatosha. Hao ni wangu, usiwaguse."

Nadira akafuta kidole, akarudi jikoni. Na tangu siku hiyo vifo vikakoma. Mwanamisi alizishukuru dua zake.

Lakini alama ya sukari ikaanza kuvurugika. Birika aliloliacha tupu usiku alilikuta asubuhi lina joto. Kisha siku moja, akitoka kuswali alfajiri, aliona nyayo kwenye umande toka mlango wa jikoni hadi bandani. Akatia kidole katika maji ya vifaranga. Yalikuwa vuguvugu. Akalamba kabla hajafikiri, akakuta ni matamu.

Akatema mate haraka. Hata sumu ya panya hutiliwa utamu. Mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto, anawanywesha nini kuku wa harusi ya mtoto wa mwenzake? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na tangu hapo kila alilokumbuka kuhusu Nadira likageuka ushahidi.

Wakati wa chai alikibeba chombo kile, akakitua mezani.

"Dada yako anawapa kuku wangu dawa," alimwambia Uthman. "Kama nasingizia, akunywe."

"Mama Zahra, wacha."

"Akunywe. Onja, wifi, utoe uchawi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nadira alikitazama chombo, akautoa unyoya uliokuwa ukielea, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Ni maji ya moto na sukari kidogo," alisema. "Nilifanya kazi ya kuku kwa Hardeep, huko Ruiru, miaka tatu. Baridi ikikuja tulikuwa tunawapa hivyo. Nilikuambia ukakataa, nikaona nifanye tu pole pole."

Kabla ya adhuhuri, yeye na sanduku lake walikuwa wameondoka.

Mwanamisi hakuamini hata hapo. Mchawi hadhuriwi na dawa yake, alisema, akakisugua chombo kwa majivu na kukijaza maji ya pipa la nje. Siku ya pili vifaranga walirundikana pembeni, chombo kimejaa vilevile. Kufikia siku ya nne alikuwa ameokota kumi na saba. Akachemsha maji mwenyewe, lakini yakawa moto mno, wakayakimbia. Akazidisha sukari, wakaharisha. Uthman alimkuta akichimba shimo la kuwafukia.

"Nenda Ruiru," alimwambia, akarudi ndani.

Mwanamisi alimkuta Nadira kwenye chumba cha wafanyakazi, nyuma ya mabanda ya Hardeep. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na yote yakampotea mlangoni.

"Wifi, wanakufa. Unaweka kiasi gani?"

Nadira alimweleza taratibu. Maji yasichome ukiyamwagia kwenye kifundo cha mkono. Sukari kijiko kimoja kwa lita. Yakipoa, yabadilishwe. Alirudia mara ya pili, asije akasahau.

"Turudi nyumbani," Mwanamisi alisema. "Nilikukosea. Naona haya hata kukuangalia."

Nadira aliona midomo ya mgeni wake imekauka kwa safari, akainuka, akachota maji ya kunywa kwenye ndoo, glasi ikajaa. Mwanamisi akanyoosha mkono apokee.

Lakini Nadira hakumpa bado. Aliinua glasi, akanywa funda moja, akameza huku akimtazama machoni. Ndipo akamkabidhi.

"Kunywa, wifi," alisema. "Nimeonja."