Kilemba cha Gunia la Linda

Asubuhi ya siku ambayo lori la kununua viazi huja Kibirichia, Teresia alijaza gunia la viazi mpaka mdomoni, kisha akalivisha kilemba. Kilemba ni wavu unaoshonwa juu ya gunia ili liendelee kula baada ya kushiba. Broka Salesio hanunui gunia lisilo nacho. Mzani hana. Hupima kwa kiuno: analikumbatia gunia, analiinua kidogo, anatoa hukumu.

La Teresia lilipanda kama limejaa manyoya ya kuku.

"Halijajaa, Mama Mutugi," Salesio akamwambia. "Ongeza."

Teresia alimwambia limejaa, ila leo ardhi imeacha kulivuta, kama ilivyofanya siku moja msimu uliopita, na uzito utarudi mchana. Salesio akajibu kwamba yeye ananunua saa hii, hanunui mchana. Teresia akaongeza. Kila alichoongeza nacho kikawa chepesi. Mchana, mbali sana chini ya ardhi, kitu kikateleza. Vikombe vikaanguka hotelini, uzito ukarudi, lori likabonyea. Salesio, aliyelipia gunia moja tu, akawasha injini.

Mwalimu Mbae alieleza kwamba tetemeko la chini kabisa, kabla ya kufika, hulegeza kwanza mvuto wa ardhi. Watu wakasema sawa, wakarudi kupalilia. Tangu hapo, kina mama wakipita kwa Teresia waliuliza viazi vimeamkaje. Vikiwa vyepesi, walitoa nje vyombo na wagonjwa.

Aliyeumia moyo ni Linda. Yeye na Teresia wameolewa na ndugu wawili, na kati ya boma zao kuna ua tu. Linda ndiye mwenye nyumba ya mawe. Linda ndiye mwenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama. Na sasa ardhi, pamoja na ukubwa wake wote, imemruka yeye, ikaenda kunong'ona na mtu wa nyumba ya mbao.

Alidhani siri ni mbegu. Akapata za Teresia, akazipanda, zikazaa viazi vizito kama vya watu wengine. Akadhani ni samadi, akabadilisha samadi. Teresia akitangaza watu watoke nje, Linda alibaki ndani peke yake, na sahani zake ndizo zilizolipa.

Kisha siku moja ya lori, gunia la Linda likaamka jepesi. Aliliinua kwa mkono mmoja, akalishusha, akaliinua tena. Hakungoja kuulizwa. Alisimama barabarani akawaamuru watu watoe vyombo.

Salesio akalikumbatia. "Halijajaa, Mama Runji."

"Najua," Linda akasema, kwa sauti ya kuvuka ua.

Teresia akaja, akamvuta pembeni. "Usiongeze. Utabaki bila kitu."

"Kumbe ulitaka viwe vyepesi kwako tu?"

Linda akaongeza. Alimaliza viazi vya kuuza, akaingia vya kula, akaingia vya mbegu. Kilemba kikapita paa la stoo, kikaonekana kutoka lami. Wanawake walikuja kutazama, naye akawapanga mstari. Salesio hakuwa na haraka.

Tetemeko lilikuja, likapita. Hakuna aliyeumia, maana watu walikuwa nje. Lori likateremka kuelekea Meru polepole, limechuchumaa.

Kwenye baraza la chifu wakulima walidai mzani. Salesio akauliza mzani wa nini, na ardhi yenyewe leo inavuta hivi, kesho vile. Watu wakaona ana hoja. Chifu akafunga kikao kwa maombi, na wiki iliyofuata watu wakashona vilemba.

Mvua ilipokaribia, stoo ya Linda ilikuwa na vumbi na buibui. Teresia akapita kwenye ua na debe la mbegu, akalitua mlangoni. Linda hakusema asante. Kwanza aliliinua, akalishikilia hivyo kwa muda, akisikiliza mkono wake.

Lilikuwa zito, kama debe la mtu yeyote; ardhi haikuwa imemnong'oneza Teresia kitu.

Ndipo Linda akatabasamu, akamkaribisha Teresia chai.