Usiulize Jina

Wenzake wa kusukuma vitanda pale hospitali walimwita Daktari Nusu, na kwa kweli hawakuwa wanamkejeli. Nchini kwao alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu avae koti jeupe, ndipo askari walipomtoa darasani kwa mateke. Kosa lake? Kuwafunga vidonda vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano. Hebu fikiria, mtu anafungwa kwa bendeji! Chuo nacho kikamfuta kana kwamba hajawahi kukanyaga pale. Alipotoka kizuizini, dada yake mkubwa alimshika mkono wakavuka mpaka na nguo walizovaa tu.

Huku ugenini walimkubalia amalizie masomo, ila kwanza afaulu mtihani wa kitandani, mbele ya profesa na mgonjwa wa kweli. Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, basi, asukume vitanda mpaka azeeke.

Na si kwamba alikuwa hajui. Wapi! Mikono yake ilijua kazi kuliko ya wengi waliokwisha kuhitimu. Shida yake ilikuwa mlangoni kabisa. Huku, kabla hujamgusa mgonjwa, unamsalimia na unamuuliza jina lake, jambo ambalo hata mwanafunzi aliyeanza jana analiweza. Yeye hakuuliza. Mara zote mbili alisalimia, akanawa mikono, akaanza kupima.

"Una mikono mizuri," profesa alimwambia mara ya pili, akivua miwani. "Lakini huyo ni mtu, si gunia la viazi. Na ukimpa dawa ya mwenzake je?"

Akarudi kusukuma vitanda.

Dada yake, ambaye alikuwa akifua mashuka hotelini, akaona hapana, hili litamalizwa nyumbani. Jioni moja baada ya kula alijitupa kwenye kochi, akashika tumbo, akaanza kuugulia kwa mbwembwe.

"Daktari, nakufa mie!"

"Pole, dada. Panauma wapi?"

"Dada yako nani hapa? Mimi mgonjwa. Niulize jina, wewe!"

Daktari Nusu akacheka. Akafungua kinywa aulize. Neno halikutoka; akainuka, akaenda kunawa mikono. Kicheko kikamwisha dada wa watu, akaketi wima.

"Mdogo wangu, una nini?"

Ndipo akamweleza. Kile chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, walimokuwa wakiwaficha majeruhi, kilikuwa na amri moja tu, ya yule muuguzi mzee aliyewaongoza: usiulize jina. Usilolijua huwezi kulisema, hata wakikung'oa kucha. Na walimng'oa kweli, wakaambulia patupu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekamatwa kwa kinywa chake. Kwa hilo alijivunia, na alikuwa na haki.

"Lakini kulikuwa na mmoja," alisema, macho sakafuni. "Risasi ilimwingia hapa, chini ya mbavu. Akanishika shati, akasema, 'Mimi naitwa...' Nikamziba mdomo. Kwa mkono huu, dada. Alizikwa hivyo hivyo. Mpaka leo kuna mama mahali anamngoja."

Dada yake alisogea karibu. Aliuchukua ule mkono akauweka mapajani mwake, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Siku ya mtihani alipewa bibi mmoja aliyekuwa akihema kwa shida. Profesa alisimama dirishani na kalamu yake. Daktari Nusu akanawa mikono. Akanawa tena. Profesa akakohoa.

"Mwanangu," bibi akasema, "hayo maji utayamaliza."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akapiga moyo konde. "Unaitwa nani, bibi?"

Sauti ilitoka ya kukwaruza, lakini ilitoka. Bibi akataja jina lake, akataja na la baba yake, kisha akaongeza lile la utani alilopewa na marehemu mumewe kwa kupenda kwake kulala, akalichekea kwa pumzi kidogo alizokuwa nazo. Hakuna mlango uliovunjwa. Hakuna buti zilizoingia. Profesa aliendelea kuandika. Daktari Nusu akalirudia lile jina taratibu, akamwinamia mwenye nalo, akampima mpaka mwisho, akasema alichokikuta: maji kwenye pafu la kulia.

Dada yake alikuwa akimngoja nje kwenye korido, roho juu, bado kavaa aproni ya kazini.

"Vipi?"

"Nimefaulu."

Weee! Alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakachungulia milangoni. Akamkumbatia, akamtikisa, akamwita Daktari Mzima. Kisha ndugu yake akamponyoka mikononi, akateleza ukutani mpaka chini, analia kwa kwikwi.

"Jamani, sasa unalia nini? Si umefaulu?"

"Alikuwa anakufa, dada."

"Nani? Huyo bibi?"

"Yule kijana. Nilijua anakufa, nilikuwa naona. Nani angekuja kumkamata maiti? Ningemwacha tu aseme."