Mkono Uliobaki Kwenye Injini

Chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, ambacho siku za kazi hujaa watu walioshika mashavu, Jumapili hiyo kilijaa watu wenye meno nje. Ilikuwa siku ya kuoneshana picha za zamani. Wapenzi wa ile ndege ya jeshi la majini, ndege inayokunja mabawa kama kuku anayejiandaa kulala, ya mwisho ya aina yake iliyobaki nzima, walikuwa wamemwaga hazina zao mezani na sasa wanapigana vikumbo.

Mshonaji alikaa pembeni, mkoba mapajani. Mambo ya ndege hakuyajua hata kidogo. Alichojua ni kwamba baba yake alikuwa fundi wa injini wa ndege hiyohiyo, akafariki yeye akiwa bado tumboni, na picha zake zote zikaenda na mafuriko. Kila alipomuuliza mama yake baba alifananaje, alijibiwa, "Alikuwa mzuri." Sasa mzuri ndiyo sura gani? Ndiyo maana akaja.

"Karibu, dada, leo hatung'oi," daktari, mpenzi mwenzao aliyewapa chumba, alimtania. "Albamu ya Kepteni hii hapa. Ukikosa humu, ujue hakuna."

Kepteni, jina la utani tu, hakuwahi kurusha hata kishada, na akipanda ngazi kichwa kinamzunguka, lakini albamu yake ilikuwa nene kama godoro. Mshonaji akaanza kufunua. Ndege. Ndege. Ndege tena, mara ubavu, mara mkia.

"Mbona hakuna watu, mzee wangu?"

"Watu?" Kepteni alishangaa kama aliyeulizwa mbona supu haina viatu. "Walikuwa wananizibia ndege, mwanangu. Niliwakata wote."

"Ukawakata?"

"Kwa mkasi. Kazi safi kabisa!"

Machozi yakamlenga. Lakini jicho la mshonaji hufuata mkasi ulikopita, hata likiwa na machozi. Katika picha moja injini ilikuwa wazi, na ndani yake mkono, umekatwa kwenye kifundo.

"Na huu?"

"Ah, huyo fundi alinishinda. Mkono ulizama kwenye injini. Ningeukata ningeharibu silinda."

Fundi! "Mwenyewe ulimtupa wapi? Huenda ni baba yangu."

Kepteni akamgeukia mkewe.

"Niulize mimi," mkewe akasema huku anamimina chai. "Yeye anakata, mimi naokota. Watu wa watu nitawatupaje jalalani?" Akamgeukia dereva wa teksi, mmoja wa wapenzi wa ndege. "Mwanangu, washa gari, twende nyumbani."

Walirudi na kopo la biskuti. Likamwagwa. Loo! Mmoja ameegemea hewa. Mwingine anapiga saluti kwa utupu. Watatu wamekumbatiana, katikati yao tundu la umbo la mkia.

"Tafuteni asiye na mkono!" daktari akaamuru.

"Huyu hana miguu!"

"Nimesema mkono, dereva, wewe vipi!"

"Samahani, dokta. Miguu yake itakuwa imebaki kwenye tairi."

Ni mke wa Kepteni aliyempata, amejibanza chini ya wenzake. Daktari akamnyanyua kwa koleo lake dogo, taratibu, akamsogeza kwenye picha. Kifundo kikaungana na kifundo.

Kijana mwembamba, grisi puani, masikio yametanuka kama milango ya teksi iliyoachwa wazi, anacheka mpaka macho yamefumba. Mshonaji akashika masikio yake mwenyewe juu ya kitambaa alichojifunga kichwani.

"Kumbe haya nilipewa na huyu!" Akacheka, machozi yakidondoka. Chumba kizima kikacheka naye, kikipiga meza.

Kisha akainama karibu kabisa na picha.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," akaitikia Kepteni kwa mazoea, na mkewe akamfinya paja.