Kichwa cha Atepo

Julio Vindulo! Jina la kwanza kapewa na Warumi, la pili na mama yake, na yote mawili mimi nayatemea mate.

Huyo ndiye aliyemuua baba yangu, Atepo, kwenye kivuko cha mto Mosela, zamani za vita vya koo, kabla Warumi hawajatunyang'anya panga. Akamkata kichwa, akakitia mafuta ya mwerezi, akakifungia sandukuni kama walivyofanya mashujaa wote wa kwetu. Sisi tukazika kiwiliwili. Mama alikwenda kumwangukia miguuni. Vindulo akamjibu, "Hata unipe dhahabu ya uzito wake, sikitoi." Mama alikufa na kilio hicho, nami nikaapa kwamba kichwa kitarudi.

Kisha wakaja Warumi. Wakakataza panga, wakakataza na vichwa: atakayekutwa nacho, migodini, hata awe nani. Vindulo, nyoka yule, akanyoa masharubu, akajifunga shuka lao jeupe, akaongoza wapanda farasi wao, akajenga nyumba ya nguzo yenye hamamu. Lakini kichwa hakukizika. Nilijua tu. Shujaa wa kwetu atawatupa miungu yake kabla hajatupa ushahidi wa ushujaa wake.

Mwaka huu wakamteua kuwa kuhani wa madhabahu ya Kaisari. Mjumbe wa liwali akaja na mkalimani wake, na sisi wakubwa wa koo tukaalikwa karamu ya mchana. Nikaenda, nimechana nywele vizuri, nikakaa mkabala naye. Mjumbe alipokwisha kushiba, yeye na mkalimani wakaenda kuoga hamamuni. Mezani wakabaki wazee wa vita, wamelewa pombe ya shayiri, wanajisifu.

"Mzee Vindulo," nikasema, "kuna maneno huko mtoni, wanawake wakifua."

"Maneno gani, binti Atepo?"

"Eti baba hukumuua wewe. Eti alianguka farasini kwa homa, ukamkuta keshakufa, ukajikatia."

Meza nzima ikaangua kicheko. "Lo! Kumbe mwenzetu alichinja kibudu!" akadakia mzee mmoja mwenye jicho moja.

Vindulo akawa mwekundu mpaka masikio. "Koma! Nilimpiga uso kwa uso! Alama ipo kwenye paji la uso!"

"Maneno matupu, mzee. Hata masharubu ulikuwa nayo. Yako wapi?"

Walicheka hadi machozi. Vindulo akainuka akipepesuka, akaingia ndani, akarudi na sanduku, akalibwaga mezani katikati ya mapaja ya nguruwe, akalifungua. "Haya, tazameni! Jeraha la mbele hili, la mkuki wangu!"

Nikatazama. Jamani, baba yangu alikuwa mdogo kuliko mimi. Nywele zake bado nyekundu, zangu mvi tupu. Na jeraha kweli lilikuwa mbele, baba hakukimbia. Machozi yakanitoka, lakini sikio langu lilikuwa mlangoni.

Mjumbe akaingia, nywele zinachuruzika maji. Akasimama pale pale. Akasema jambo, mkalimani akaligeuza: "Nani alimuua mtu huyu?"

Wazee wote wakamgeukia Vindulo. Nilimwona akitazama shuka lake, kisha wenzake, kisha shuka lake tena.

"Si mimi," akasema. "Sikumuua. Nilimkuta amekufa."

"Kwa sauti, mzee," nikamwambia. "Wa mwisho wa meza hawajasikia."

Akarudia. Mzee wa jicho moja akamwaga pombe yake sakafuni, akaondoka. Wengine wakamfuata, na nyama ikabaki mezani.

"Basi hiki ni cha nani?" mkalimani akauliza.

"Cha kwetu. Ni baba yangu huyu. Bwana mkubwa alikuwa akinitunzia tu."

Mjumbe alikuja kutafuta kuhani, hakuja kutafuta kesi. Akapunga mkono, niende zangu. Nikamfunga baba kwenye mtandio wangu, nikampeleka kaburini, nikamuunganisha na mwili wake.

Vindulo bado ni kuhani. Anachinja ng'ombe wa Kaisari, na hakuna shujaa hata mmoja anayeigusa nyama yake. Watu huniambia ningemshtaki, apelekwe migodini. Thubutu! Migodini angekufa upesi. Kichwa chake mimi sikukitaka. Nimemwachia akibebe mwenyewe, na kila tukikutana barabarani, anakiinamisha.